Jasho la Fundi Mkuu

Tone la jasho lilidondoka juu ya kitambaa cheupe, na jingine likafuata kabla fundi mkuu hajachomoa leso. Akaizima mashine ya kukatia. Katika chumba kizima cha ukataji cha kiwanda cha mashati, kila mtu akajifanya anatafuta chaki yake.

"Ni ile yoga," alisema, wala hakuna aliyemuuliza. "Nimetoka huko asubuhi. Mwili bado una moto wake."

Yoga yenyewe ni ile ya chumba cha joto. Watu wazima na akili zao timamu hujifungia ndani na mashine ya kupasha hewa, wakajikunja na kujinyoosha mpaka wakatoka wameloa kama waliomwagiwa ndoo. Fundi mkuu hakuikosa hata siku za mvua. Na kusema kweli ilimfaa. Mgongo uliopinda kwa kuinamia meza miaka nenda miaka rudi ulikuwa umenyooka, magoti yameacha kulia, na akiwa mle ndani, anavuta pumzi taratibu, kichwa chake kilitulia kuliko mahali pengine popote.

Kasheshe ilikuwa nje ya kile chumba. Usiku alirusha shuka, akalivuta, akalirusha tena, akaenda kufungua dirisha. Mumewe akilalamikia baridi alifokewa kwa ukali asiouzoea, kisha mfokaji mwenyewe akakaa ukingoni mwa kitanda analia, hajui analilia nini. Kazini alisimama mbele ya wateja, neno "kola" likamtoroka, akabaki anajishika shingo kama bubu. Mumewe akasema yoga hiyo itamuua. Binti yao, aliyekwisha kuolewa na kuwa na kwake, akapiga simu kusema yaleyale, maana baba yake alikuwa ameshamjaza maneno. Wote walipewa jibu moja: siachi.

Safari hii msaidizi wake, mwanamke mwenye ulimi laini na jicho lisilobanduka kwenye meza ya mwenzake, alikikunja vizuri kile kitambaa chenye madoa na kukipeleka kwa meneja.

Meneja naye alikuwa mwanamke, mkavu wa maneno, na wafanyakazi walimwita Mama Friji kwa sababu ya ofisi yake. Kiyoyozi mle ndani hakikuzimwa mwaka mzima. Aliyeitwa huko aliazima sweta kwanza.

Meneja alimwita fundi mkuu, akakitandaza kitambaa mezani, akasema hajapata kumwona mnunuzi wa mashati meupe yenye ramani. Akatoa amri yake. Fundi mkuu aache yoga mwezi mzima, jasho likauke. Asipoacha, au akiacha na jasho lisikauke, atahamishiwa stoo akapumzike, na meza ataichukua msaidizi.

Stoo ndiko walikopelekwa wanawake walioanza kuonekana wamechoka. Walipewa kiti na maboksi ya vifungo, na hakuna aliyewahi kurudi.

Fundi mkuu aliogopa, tena sana. Alianza kazi kwa kufagia vipande chini ya meza ile, akapanda mpaka kuisimamia, na hakuna kitu kingine duniani alichokijua vizuri namna hiyo. Lakini hofu yake ilikuwa na tabia ya kugeuka hasira.

"Yoga siachi," alisema. "Na stoo siendi. Nitafunga kilemba, nitaweka taulo shingoni, nitakata mbele ya macho ya watu wote. Siku mkono wangu ukipinda, ndiyo siku ya kunihamisha. Si kwa jasho."

Meneja alikikunja kile kitambaa, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na ukiwaambia watu ni yoga, wanaamini?"

Fundi mkuu aliona anakejeliwa. "Kwa nini wasiamini?"

"Wapi huko?"

Alimtajia mtaa, jengo na ghorofa, kwa kiburi chote alichokuwa nacho, akatoka kabla ya kuruhusiwa.

Kesho yake kulipambazuka baridi kali. Mumewe alikuwa ameuficha mkeka wa yoga. Fundi mkuu hakubishana naye. Alichukua taulo kubwa la bafuni, akaliweka kwapani na kwenda zake. Alichelewa kidogo. Darasa lilikwisha kuanza, akatandika taulo lake safu ya nyuma, kando ya mgeni aliyejifunika kichwa kwa taulo jingine.

Haukupita muda, moto ukampanda kutoka kifuani, ukashika shingo, ukafika masikioni. Jasho likamiminika. Mgeni wa kando naye alikuwa akidondokwa na jasho mkekani. Wasichana wa safu ya mbele walivaa masweta, akadhani ni mitindo yao tu.

Mwalimu alisimama katikati ya zoezi, mikono kwapani.

"Kwa mliochelewa, samahani," alisema, meno yakigongana. "Mashine ya joto imeungua tangu jana. Anayezidiwa na baridi aende tu nyumbani, hakuna lawama."

Wasichana walikunja mikeka yao wakatoka wakitetemeka. Safu ya nyuma walibaki wawili, wameloa chapachapa. Mgeni akalivua taulo kichwani ili ajifute uso, na uso wenyewe ulikuwa wa meneja.

Walitazamana. Fundi mkuu ndiye aliyetangulia kusema.

"Siku zangu za mwezi zilikoma mwaka juzi, mama. Zako?"