Namba 131

Mtaa ulishavunjwa kupisha barabara. Kilichobaki ni orodha ya wakazi wake, kila nyumba na mstari wake, na karani Sikudhani alikuwa akiisafisha kwenye kompyuta. Alitunga chujio: namba 1 hadi 128 zipite, nyingine zifutwe. Chujio halijui kuhesabu, linatazama tarakimu tu, kwa hiyo alilieleza tarakimu moja moja, kama anayemfundisha mtoto.

Alipobonyeza, jina moja likakwama. Kombo Athumani, namba 131.

"Hilo kosa," akasema mkuu wake, Bwana Mbaruku, akichungulia. "Halmashauri iliishia 128. Futa, tufunge kazi."

"Si kosa, bwana. Ni baba yangu."

Enzi zile mtaa ukiwapo, baba alichoka kusubiri kibao cha namba cha halmashauri. Akachukua rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka madirisha, akajiandikia mwenyewe 131 mlangoni, Sikudhani, bado mtoto, akimshikia kopo.

"Mbona umeruka 129 na 130, baba?"

"Hizo za majirani," alijibu, akionyesha kichaka kilichowatenga na nyumba ya mwisho, 128. "Watajenga tu."

Kila Jumapili aliwafyekea nyasi.

Ofisini, Bwana Mbaruku alilisoma jina lile tena. "Haya, iongeze hiyo moja."

Ingetosha kweli kuongeza moja. Sikudhani aliongeza kwenye orodha mistari miwili bila majina, kisha akalifungua chujio, akaandika 129, akaandika 130, ndipo akaandika 131. Akabonyeza. Orodha ikajipanga upya, jina la baba chini kabisa, na juu yake mistari miwili mitupu, misafi.