Mpagazi wa Kizaramo

Majidi alikuwa amevaa kofia ya Jilala, miwani ya Jilala na koti la Jilala, na ndiye aliyeshika usukani wa gari la Jilala. Kwenye kiti cha pembeni alikaa Elieth, mke wa Jilala. Mwenye mali alikuwa nyuma, mapazia yamefungwa.

"Wewe Mnyamwezi una bahati!" Majidi alipaza sauti ili ifike nyuma. "Babu zako walibeba mizigo ya wenzao kutoka Ujiji mpaka pwani, vichwa vikaota sugu. Leo Mzaramo mzima ndiye mpagazi wako. Dunia imekwisha!"

Elieth alicheka, kisha akafuta macho kwa upindo wa khanga.

Watani ndivyo walivyo. Tangu Majidi afungue gereji yake Cheyo, mjini Tabora, ukuta kwa ukuta na karakana ya useremala ya Jilala, wawili hao hawakuwahi kusemeshana kwa adabu. Mzaramo humtukana Mnyamwezi, Mnyamwezi humrudishia, na anayenuna ndiye mjinga.

Gari walilitengeneza pamoja. Lilikuwa Hiace kuukuu ya foo-wili, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Majidi alifufua injini, Jilala akajenga ndani. Aliweka jiko la gesi, pipa la maji, makabati, na kitanda cha mninga chenye vipini vinne, kinachochomoka chote kupitia mlango wa nyuma, ili wakipiga kambi alale nje akitazama nyota. Ndoto yake ilikuwa kuifuata njia ya misafara ya zamani, Ujiji mpaka Bagamoyo, polepole, wakilala popote jua litakapozamia.

Ila Bukene alikozaliwa hakukuwamo kwenye ndoto hiyo. Bukene yuko kaka yake, Mihayo.

Mama yao alipofariki, Jilala alikuwa kwenye treni, na treni ilichelewa. Alipiga simu kila kituo: nisubirini. Mihayo hakusubiri. Jilala alifika akakuta watu wanakung'uta udongo kwenye majembe. Akaapa mbele ya waombolezaji wote kwamba hataukanyaga tena uwanja ule kwa miguu yake. Wazee walisihi, padri akasihi, Elieth akasihi mpaka akachoka. Vichwa vya mawe, wote wawili, na kila mmoja aliona jiwe la mwenzake tu.

Wote watatu walilala Ujiji, wakalala Uvinza. Malagarasi, baada ya chai ya asubuhi, safari ikageuka. Elieth ndiye aliyeamua: tunakwenda Bukene, na leo leo. Jilala hakupinga. Katika ndoa yao yote, ilikuwa mara ya kwanza asipinge.

"Kanyaga mafuta, Majidi," Elieth alisema sasa. "Joto hili si zuri kwake."

"Nikimrusharusha atalalamika."

"Laiti angelalamika," Elieth alisema.

Urambo askari wa barabarani aliwasimamisha. Alizungumza kidogo na Majidi pembeni, akainua pazia la nyuma, akalishusha. Hakuuliza leseni. "Poleni na safari, mama," alisema, akawafungulia njia.

Hapo ndipo Elieth alipopiga simu Bukene. Miaka yote hiyo hakuwahi kuthubutu.

"Shikamoo, shemeji. Tunakuja. Naye yumo. Nakuomba kitu kimoja tu: safari hii mtusubiri."

Mihayo akajibu, "Tutasubiri, shemeji. Hata iwe kesho kutwa, tutasubiri."

Elieth alikata simu akalia kwa hasira. Kumbe neno lenyewe lilikuwa jepesi kiasi hicho! Lingeweza kusemwa wakati ule, na ndugu wangekula sahani moja mpaka leo.

Walivuka Tabora mjini bila kusimama, hata Cheyo hawakupita. Baada ya Isikizya Majidi alianza tena: eti Mnyamwezi mchoyo, ametengeneza kitanda cha kifalme halafu wenzake wanalala chini, eti koti lenyewe linanuka gundi. Alitukana mpaka sauti ikamkauka.

Uwanja wa Mihayo ulikuwa umejaa watu. Mihayo alitoka mbele yao. Alikuwa amezeeka kuliko Elieth alivyomkumbuka, na mikono yake ilikuwa na udongo mwekundu hadi kwenye viwiko.

"Yuko wapi mdogo wangu?"

Majidi aliruka chini akasimama mbele ya mlango wa nyuma, kofia ya Jilala imemlalia upande, akatembea hatua mbili kwa ule mwendo wa Jilala wa kuvuta goti. Watu wakaangua kicheko.

"Hashuki mtu hapa!" alifoka. "Mzaramo nimebeba mzigo tangu Malagarasi. Nipeni jogoo, tena mweupe!"

Mihayo mwenyewe ndiye aliyekwenda bandani. Alirudi na jogoo, akamkabidhi Majidi kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Kisha akagusa ubavu wa gari kwa kiganja.

"Jilala," alisema. "Nimekusubiri, mdogo wangu. Umeona? Nimekusubiri."

Majidi akafungua mlango. Wanaume wanne wakashika vipini vya kitanda cha mninga, wakakichomoa taratibu, wakakipitisha katikati ya uwanja hadi kwenye shimo lililokuwa wazi kando ya kaburi la mama yake. Jilala aliapa kwamba hataukanyaga uwanja ule kwa miguu yake, na hakuukanyaga.