Upande wa Buluu

Leo nilizigeuza hedifoni: ile nyekundu ya sikio la kulia nikaivaa kushoto, na ile ya buluu ya kushoto nikaivaa kulia.

Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mwanafunzi wa zamu huijaribu mashine ya kupimia usikivu kwa masikio yake mwenyewe. Siku mbili nilikuwa nimeandika kwenye fomu kwamba upande wa buluu hautoi mlio mwembamba. Fundi alitoka Lanet, akaifungua mashine, akaifunga, akaniambia, "Madam, hii haina shida." Nilimwona mjinga.

Nikabonyeza buluu. Sikio la kulia likausikia mlio, wazi kabisa.

Nikabonyeza nyekundu. Sikio la kushoto halikusikia kitu. Nikaongeza sauti. Taa ndogo iliwaka kila nilipobonyeza, kuonyesha kwamba mlio umetoka. Kidole kilikuwa na jasho hadi kikateleza kwenye kitufe.

Imebaki miezi minne nimalize masters ya kupima watu masikio.

Mlango ulifunguka. Msimamizi wangu aliingia na mama aliyebeba mtoto mgongoni.

"Jepleting, huyu mama ametembea kutoka Kaptembwo. Hiyo mashine imepona, ama nimwambie arudi wiki ijayo?"

Nilivua hedifoni. Nikachukua fomu, nikaandika "sawa" mbele ya nyekundu, na "sawa" mbele ya buluu.

"Imepona, daktari."

Kisha nikahamisha kiti cha mgonjwa kutoka kushoto kwangu, nikakiweka kulia.