Sauti ya Meja Mwaisumo

Sheria ya jeshi ilikuwa moja: mwanaanga akirudi duniani, sauti yake hubaki huko juu kuongoza chombo. Meja Mwaisumo, aliyerusha ndege za majaribio miaka yote bila kutetemeka, sasa alitetemeka mbele ya mlango wake mwenyewe. Sauti aliyopewa badala ya yake ilikuwa nyembamba kama ya mbuzi mwenye mafua. Je, wangemtambua?

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?" Mkewe, Tusekile, alichungulia dirishani, akacheka hadi akashika mbavu. "Karibu, Baba Atupele. Ila nong'ona, usimwamshe mtoto."

Akapunguza redio, ambamo sauti nzito ya Mwaisumo ilikuwa ikiimba kutoka chomboni.

"Baba yake ndiyo kwanza amemlaza."