Kompyuta ya Boksi

"Mwalimu, umeniaibisha..."

"Nimekuaibisha vipi, Zamda, na cheti nimekupa?"

"Cheti nakula? Umenifundishia boksi."

Miezi sita Zamda alikuwa anachapa juu ya boksi la sabuni, ambalo Mwalimu Shekiondo alilichorea herufi zote kwa kalamu nene. Darasa zima hakuna aliyemfikia. Alichapa hata macho kayafumba. Leo asubuhi kaitwa kwenye usaili wa ukarani, kakalishwa mbele ya kompyuta ya kweli, kaambiwa aiwashe. Akaipapasa mbele, akaipapasa nyuma, kama mtu anayechagua papai sokoni. Bosi akacheka mpaka akavua miwani, akamwita anayefuata. Huyo akabonyeza pembeni mara moja tu, ikawaka, na kazi akapata yeye.

"Hata kuwasha, mwalimu. Miezi sita, hata kuwasha hukutuonyesha."

Mwalimu akainuka. Akaenda akafunga mlango. Akarudi na lile boksi, akalifuta vumbi kwa kiganja, akamsogezea pamoja na kalamu.

"Nichoree, mwanangu," akasema taratibu. "Hicho cha kuwashia kinakaa wapi?"