Shabaha ya Mzee Mwinyijuma

Rehani alikigonga kwa nyundo ndogo kile kijino cha kulengea kilichosimama kwenye ncha ya mtutu wa bunduki, kikapinda kidogo kuelekea kushoto. Akapaka mafuta na masizi pale nyundo ilipopita, alama isionekane. Kisha akakaa akaitazama kazi yake kama mpishi aliyetia mchanga chunguni mwake mwenyewe.

Alikuwa ameihangaikia sana bunduki ile. Aliitoa kutu, akaichongea kitako kipya cha mninga, akatengeneza kifyatulio kilichokuwa kimekwama. Jana yake aliijaribu nyuma ya mashamba ya Dunda, na kila risasi ilipiga pale pale alipolenga. Hapakuwa na fundi mwingine Bagamoyo ambaye angeifufua.

Mwenye bunduki alikuwa mkwewe, Mzee Mwinyijuma, mwindaji wa ndovu aliyejulikana hadi Vigwaza. Miaka mingi alikuwa hajaigusa. Lakini watu wa Kiwangwa walimjia wakiongozwa na mkubwa wao, Kibwana. Chui alikuwa amewamalizia mbuzi, na sasa amemrarua mwanamke aliyekuwa akichimba muhogo. Mzee alisimama barazani, watu wamejaa, akasema kwa sauti kubwa, "Bunduki yangu ikitengenea, nakuja."

Tabia, binti wa mzee huyo na mke wa Rehani, hakula siku ile.

"Kikombe cha kahawa kinamshinda, kinamwagika," alimwambia mumewe. "Atamshika chui? Ukiitengeneza bunduki ile, umeniulia baba."

Kumkatalia mkwe hakuwezekani. Kumkatalia Tabia nako kulikuwa na taabu yake. Ndipo Rehani akaishika nyundo. Mzee akiijaribu, atakosa mbele ya watu, bunduki itasemwa mbovu, naye atabaki nyumbani na heshima yake. Sifa ya fundi itachafuka, lakini sifa hufuliwa, roho haifuliwi.

Asubuhi mzee akaja karakanani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ehe, kutu haikula ndani?"

"Imetoka yote, baba."

"Yote?" Mzee aliupapasa mtutu kwa vidole vinavyotetemeka. "Chombo cha zamani hiki. Kikikataa, hakuna wa kulaumiwa. Wala wewe usione haya."

Rehani aliinamisha kichwa. Kufarijiwa na mtu unayemdanganya kunachoma kuliko kutukanwa.

Walitoka hadi uwanda ulio nje ya mji, mtaa mzima ukiwafuata. Kibwana aliweka kibuyu juu ya kichuguu, akarudi mbio. Mzee Mwinyijuma akaipachika bunduki begani. Alilenga muda mrefu, midomo ikimcheza kama anayeomba dua. Tabia alijifunika uso kwa leso.

Bunduki ikanguruma. Moshi ulipopungua, kibuyu kilikuwa vipande vipande.

Vigelegele vikapaa. Wazee walikumbatiana, wanawake wakamtupia mzee leso zao miguuni apite juu yake. Kibwana alilia waziwazi.

"Mungu mkubwa! Tunaondoka sasa hivi, baba yetu. Punda yuko tayari."

Rehani alibaki amekodoa macho. Kusema kweli mbele ya umati ule kulikuwa kumvua mkwewe nguo. Kunyamaza kulikuwa kumpeleka kwa chui na bunduki iliyopotoka.

"Nipeni kidogo," alisema, akinyoosha mkono. "Niirudishe karakanani niitazame tena."

"Utazame nini tena, fundi?" Kibwana alicheka huku akifuta machozi. "Si umeona mwenyewe?"

Watu wakacheka naye. Wengine walikwisha kumbebea mzee mzigo wake, wengine wakaanza wimbo wa safari. Tabia alikuwa amekaa chini mchangani, akimtazama mumewe kwa macho ambayo Rehani hakuweza kuyakabili.

Mzee Mwinyijuma naye hakuwa akicheka wala kuimba. Alimshika Rehani bega, akamvuta kando kana kwamba anamuaga, akamsogezea mdomo sikioni.

"Mwanangu," alinong'ona, jasho likimtiririka, "umeifanya nini bunduki yangu? Mimi nililenga pembeni makusudi."