Mstari wa Saba

Kapteni alipoweka kalamu kwenye mstari wa saba wa karatasi ya mechi ya pool ili aukate, Hilda alikuwa ameshika sinia la mikate ya mayai aliyowaandalia pale baa wachezaji wageni kutoka Barnsley, kama alivyofanya kila Jumanne ya ligi kwa miaka kumi na tisa.

Matokeo yalikuwa tatu kwa tatu. Mchezaji wa saba na wa mwisho wa timu ya Kapteni hakutokea.

"Si mumwandike mama huyu?" akauliza mgeni mmoja. "Naona amesajiliwa."

"Wa akiba tu huyo." Kapteni alicheka. "Bora tuwape mchezo wa bure, kaka, kuliko kuaibishwa mezani. Mama, hebu pitisha mikate, watu wana njaa."

Baa nzima ikacheka. Hilda akahisi masikio yanawaka. Kila asubuhi, kabla baa haijafunguliwa, yeye ndiye aliyeipiga brashi meza ile ya pool, na akimaliza hucheza peke yake. Kapteni hakuwahi kuuliza.

Akalitua sinia. Akampokonya kalamu, akaandika jina lake kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika.

"We mama, una wazimu? Futa!"

Mipira ilikuwa imeshapangwa. Hilda akachukua fimbo, akaipaka chaki taratibu, vidole vikinuka yai na siki, chaki ya buluu ikimganda kwenye ukucha. Sheria kila mtu aliijua: mpira mweupe ukishagonga mingine, mchezo umeanza, na habadilishwi mtu.

"Hilda! Nimesema weka hiyo fimbo!"

"Mikate pitisha mwenyewe," akasema, akainama, akapiga.